Nkambo wako alifanya nini? Juu ya kutafuta wazee waliopigania inchi

Maneno yaliyosemwa mu mukutano wa wanamemba na wageni, Lubumbashi, mbele ya kumbukumbu ya tarehe 9 mwezi wa 12

 

Mulinipa dakika 20 na swali liko moja. Chama cha familia za wafanyakazi wa zamani kimetuita tuingie mu kazi zao: kusafisha makaburi, kuandika majina ya wazee, na kutembea pamoja nao tarehe 9 mwezi wa 12. Lakini wameweka sharti. Muntu anayetaka kuandikwa kuwa mwanamemba wao aonyeshe nkambo wake: alikuwa nani, na alifanya nini juu ya inchi hii. Hapa kwetu sauti ziko mbili. Wamoja wanasema twende. Wengine wanasema hapana, hayo ni mambo ya ukoo, na ukoo njo mulango wa kabila, na sisi tulijikusanya juu ya kutoka mu nyumba hiyo. Mimi niko upande wa kwenda. Lakini hatuwezi kwenda tu vile walivyotuita, na nitaeleza.

Nianze na wale wanaokataa, maana hawako wajinga. Mu inchi yetu, kumuuliza muntu nkambo wake si neno la upole. Niko na lisanse ya historia, niko mwaka wa tatu bila kazi. Nilipeleka dosié kwa kampuni moja, na mwenye kupokea hakufungua hata diploma. Aliniuliza: "Uko na barua ya mutualite yenu?" Sikuwa nayo. Dosié ilirudi mu mukoba wangu siku ile ile. Wengi mu chumba hiki wanaijua hadithi hiyo, kila mumoja na yake. Na hilo ni jambo dogo. Mwaka wa 1992 na 1993, mu Katanga yetu hii, watu wenye wazazi wa Kasai walifukuzwa mu manyumba yao, wakalala mu gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingojea treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na baba zao walikuwa wamezaliwa hapa. Waliulizwa swali moja tu: nkambo yako alitoka wapi? Hata sheria ya uraia ya tarehe 12 mwezi wa 11, 2004, inaanza kwa kutazama makabila yaliyokuwa mu inchi wakati wa uhuru. Kwa hiyo yule anayesema "miye naogopa mambo ya bankambo" yuko na haki ya kuogopa.

Lakini muone swali lenyewe. Wale waliofukuza watu waliuliza nkambo alitoka wapi. Sisi tunaweza kuuliza nkambo alifanya nini. Ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani hata kidogo. Nitawaonyesha kwa mwaka mumoja tu, 1941.

Ubelgiji ulikuwa umevamiwa na Wajerumani tangu mwezi wa 5, 1940. Koloni ikabaki njo mufuko wa vita. Shaba ya Katanga, bati, mpira, na ile madini ya Shinkolobwe ambayo dunia nzima ilikuja kuijua miaka mine nyuma kule Hiroshima, vyote vilitoka hapa. Union Minière ilitaka kazi zaidi. Bei ya vitu sokoni ikapanda, mushahara ukabaki chini. Mwezi wa 12 wafanyakazi weusi wakaweka nyundo chini, kule Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, na hapa Elisabethville. Hawakuomba uhuru. Hawakuomba bendera. Waliomba franka, muntu aweze kulisha watoto wake. Tarehe 9 walikusanyika mu kiwanja cha mupira. Gavana wa Katanga, Maron, akaja na basoda. Mumoja wa wasemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, aliuawa pale pale, halafu basoda wakapiga risasi mu kundi. Hesabu ya wafu ya serikali na hesabu ya wafanyakazi hazikupatana hata siku moja.

Sasa muulize: wale waliokufa walitoka wapi? Union Minière na Bourse du Travail du Katanga walikuwa wameita watu tangu zamani: kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Lomami na Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, na kutoka mu vijiji vya hapa karibu. Mpoyi ni jina la Kasai. Ile damu ya tarehe 9 ilikuwa damu ya kila upande, na Kiswahili hiki ninachosema sasa njo luga waliyoipata pamoja mu kambi, muntu wa Kasai na Mubemba na Mulamba, juu ya kuelewana mu shimo na mu foleni ya posho. Mukichukua orodha ya wafu wale na kuitafuta "originaire" na "non-originaire", mutapasua kaburi moja vipande viwili. Wale waliofukuza watu 1992 hawakujua, ao hawakutaka kujua, kama walikuwa wanafukuza wajukuu wa watu waliopigwa risasi wakiomba mushahara wa wote.

Kwa hiyo mimi nasema kutafuta nkambo, kama kunafanywa vizuri, ni dawa ya ule ugonjwa wenyewe. Kufanywa vibaya, ni sumu. Yote iko mu namna.

Tuko na mufano wa mbali. Kule Marekani kuko chama cha bamama, Daughters of the American Revolution, kilianza mwaka wa 1890. Mama anayetaka kuingia anapaswa kuonyesha kwa makaratasi, mutoto kwa mama, mama kwa nkambo, kizazi kwa kizazi, mupaka afikie muntu aliyesaidia ile vita yao ya uhuru. Na kuko jambo moja zuri ndani: si lazima nkambo awe soda. Hata yule aliyelisha basoda, aliyetoa ngombe ao farasi, anahesabiwa kuwa mpigania inchi. Napenda hilo. Lakini chama kile kile, mwaka wa 1939, kilikataa mwimbaji mweusi Marian Anderson asiimbe mu sale yao ya Washington. Mwanamemba mweusi wa kwanza alikubaliwa mwaka wa 1977 tu, wakati watu weusi nao walikuwa wamepigana mu vita ile tangu mwanzo. Miaka 87, bandugu. Makaratasi yalikuwa safi, mulango ulikuwa mubaya.

Na hapa kwetu tuko na mufano wa karibu zaidi, ambao wengine hawatapenda niutaje. Tarehe 20 mwezi wa 12, 1891, kule Bunkeya, M'siri alikataa bendera ya Léopold na kapteni Bodson akamuua kwa risasi. Mpaka leo watu wake wanaikumbuka siku ile, na ni vizuri. Lakini M'siri mwenyewe alikuwa wa ukoo uliotoka Unyamwezi, mu inchi inayoitwa leo Tanzania, uliokuja kufuata shaba. Kwa sheria ya "alitoka wapi", yeye angekuwa mugeni. Tena Basanga, waliokuwa wanateswa na utawala wake na biashara yake ya watumwa, walikuwa wameasi mwaka ule ule. Kwa Musanga wa 1891, mpigania inchi alikuwa nani? Na tuongeze: miaka 70 nyuma, Godefroid Munongo, wa ukoo ule ule wa M'siri, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 mwezi wa 1, 1961, kando ya njia ya Likasi. Bunge la Ubelgiji liliandika mu uchunguzi wake wa 2001 kama wakubwa wa Katanga walikuwepo pale, na yeye ndani. Simuhukumu M'siri kwa sababu ya mujukuu, wala mujukuu kwa sababu ya nkambo. Nasema tu kama sifa hairithiwi sawa vile lopango.

Sasa nije kwa jambo linalonihusu. Upande wa mama yangu, nkambo alikuwa mufanyakazi wa kambi. Upande wa baba, baba ya nkambo alikuwa soda wa Force Publique. Nyumbani kuko picha yake na kitabu chake cha kisoda. Mwezi wa 7, 1941, jeshi hilo lilishinda Waitalia kule Saio, mu Ethiopia. Basoda walitoka Kongo, wakapita Sudani, wengine wakafa kwa magonjwa kabla ya kuona adui. Mukitaka ushujaa, ule ni ushujaa. Miezi mitano nyuma, basoda wa jeshi lile lile, chini ya bendera ile ile, walipiga risasi mu kiwanja cha mupira hapa. Na mujue, wakubwa wa koloni walikuwa wanachanganya basoda kwa makusudi na kuwapeleka mbali na kwao, maana tangu uasi wa Luluabourg wa 1895 waliogopa soda atakayekataa kupiga ndugu yake. Kitabu cha nkambo kinasema matrikule, urefu, kovu mu shavu. Hakisemi muntu alielekeza bunduki wapi.

Je, huyo niandike mu fomu ya chama kama mpigania inchi? Wazee wa chama waliniambia: andika yule wa mama, acha yule wa baba. Niliwajibu kwa heshima kama sitafanya vile. Nitaandika wote wawili, na mbele ya jina la soda nitaandika yote: Abisinia na Elisabethville, mwaka mumoja. Orodha yenye mashujaa tu si historia, ni kalenda ya kanisa. Na kama watoto wa basoda hawana mahali mu kumbukumbu ya tarehe 9, watabaki na hadithi yao mu nyumba, na hadithi iliyofungiwa mu nyumba inakuwa chungu.

Sasa namna ya kutafuta. Hapa nitaenda polepole, maana ni kazi na wengi wanaianza kwa mwisho.

Watu wanakimbilia arshivu. Arshivu ni ya nyuma kabisa. Anza na mama mwenye miaka 85 anayekaa nyuma ya lopango lenu, maana arshivu itangoja, yeye hatangoja. Usimuulize "kabila letu ni gani", atakupa hotuba. Muulize: mulikaa kambi gani? Nyumba namba ngapi? Kapita wenu alikuwa nani? Mulikuwa munapokea posho siku gani? Nani alikuwa jirani? Mu Lubumbashi wazee wengi wamesahau mwaka waliozaliwa, lakini matrikule ya baba yao wanaiimba sawa wimbo. Ile namba njo ufunguo. Rekodi sauti mu telefone, na siku ile ile ukopi kwa telefone ya pili, maana tunajua vile telefone zetu zinapotea.

Nyuma ya sauti, vitu. Kitabu cha kazi, medali, resi ya kodi, picha yenye jina la fotografu nyuma. Wengine wanavyo mu sanduku chini ya nguo za matanga na hawajui ni nini.

Halafu parokia. Buku za ubatizo ziko na mambo mengi kuliko muntu anavyofikiri: jina la baba, la mama, la baba wa ubatizo, na mara nyingi kijiji. Nyangezi kule Kivu padri walifika 1906. Kwa familia zilizotoka kule, kuko buku za zamani kuliko serikali yenyewe. Bamama wanaonekana pale, na kwingine hawaonekani. Mu dosié ya kampuni mama ni "bibi wa fulani". Mu ubatizo yuko na jina. Ongea na sekretari wa parokia kwa adabu, usifike na kamera na fulana ya kundi letu. Atafikiri ni siasa.

Mutapigwa na mambo ya majina, nawaonya mapema. Muntu mumoja alikuwa na jina la kijiji, jina la ubatizo, na jina la kambi. Karani Mubelgiji aliandika vile alivyosikia. Halafu 1972 Mobutu akakataza majina ya kizungu, na Joseph akapotea mu makaratasi yote ya nyuma. Kama unatafuta Joseph nyuma ya 1972, unatafuta muntu ambaye serikali ilimufuta kwa kalamu. Miji vilevile: hutakuta "Lubumbashi" mu karatasi ya 1941, wala "Likasi". Na kwa wenzetu wa Goma, tarehe 17 mwezi wa 1, 2002, Nyiragongo ilichoma sehemu ya muji mupaka kathedrali, na makaratasi ya familia nyingi yakaenda na moto. Huko sauti ya mama mwenye miaka 85 njo arshivu yenyewe.

Kinachobaki kiko mbali. Sehemu kubwa ya makaratasi ya koloni ilipelekwa Ubelgiji, iko mu arshivu ya taifa lao Brussels na mu nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Jino la Lumumba lilirudi mwezi wa 6, 2022, likapita hapa, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Miaka 61 kwa jino moja. Makaratasi ya bankambo wetu hayajarudi, na kuomba kopi zake ni moja kati ya mambo ambayo kundi letu linaweza kufanya kuliko chama cha wazee, maana tunajua kuandika barua na kusumbua watu.

Karibu hapa kuko kazi iliyokwisha kufanywa. Profesa Dibwe dia Mwembu na wenzake wa UNILU walikusanya kumbukumbu za wafanyakazi miaka mingi. Tshibumba Kanda Matulu, mwana wa muji huu, alichora historia ya inchi mu vitambaa miaka ya 1970, na mauaji ya 1941 yako ndani. Hakuwa na diploma. Aliuza picha kwa mulango na mulango.

Na kila unachopata, andika mu mistari mitatu tofauti: hiki nilikisoma, hiki nilisikia kwa muntu aliyeona, hiki nilisikia kwa muntu aliyesikia. Usichanganye. Muko na hamu ya kuwa wajukuu wa Mpoyi, najua. Kama wote wanaojiita wajukuu wa Mpoyi wangesimama pamoja, kiwanja cha mupira hakitatosha.

Sasa mambo ninayoomba tupeleke kwa chama mbele ya kuingia. Fomu yao iko na mustari wa baba tu. Babemba na Balamba wanahesabu ukoo kwa mama, na wako wengi mu muji huu. Mustari wa mama uwekwe. Pili, hakuna mahali pa kabila mu fomu, na hakuna barua ya mutualite kuambatanishwa. Kitendo, mahali, mwaka, ushuhuda, basi. Na wasitafute mashujaa wa hapa tu: muntu mwenye nkambo wa uasi wa Bapende wa 1931, ao wa Kitawala cha Masisi na Lubutu cha 1944, ao aliyefungwa na Simon Kimbangu, aliyekufa mufungwa mu muji wetu huu mwaka wa 1951 nyuma ya miaka 30, aandikwe sawa wengine.

La tatu njo kubwa, na kwa hilo siko tayari kulegeza. Wengi waliokuja mu kambi walikuja vijana, bila bibi. Kijana wa miaka 22 aliyepigwa risasi 1941 hakuacha mutoto. Mu chama cha wajukuu, nani atasema jina lake? Kwa sharti la sasa, waliokufa mapema zaidi njo wanaosahauliwa zaidi. Na upande mwingine, hapa mu sale kuko vijana ambao vita iliwatoa Kivu ao Tanganyika na hawajui hata jina la nkambo. Naomba mulango wa pili ufunguliwe: muntu asiye na nkambo anayejulikana achukue mufu asiye na wajukuu. Amutafute mu buku, asafishe mahali pake, aite jina lake tarehe 9. Mu desturi zetu kupewa jina la marehemu si jambo geni. Wazee wawili wa chama walishatikisa kichwa kwa kukubali nilipowaambia. Wa tatu alisema tutaongea.

Kama wanakataa mulango wa pili, mimi nitapiga kura tusiingie, na tutafanya orodha yetu sisi wenyewe. Kama wanakubali, tunaingia na majembe yetu.

Kura ni leo, nyuma ya maulizo. Kazi ya makaburi inaanza siku ya posho saa moja asubui. Wale wa Kenya na Katuba watakuja na miguu, wale wa Ruashi na Annexe tutawachangia franka ya bisi, mumuone mwenye sanduku kule nyuma. Kila muntu alete daftari na kalamu, na maji ya kunywa, maana pale hakuna bomba. Badada wanaoweza kusoma Kifaransa cha zamani cha mapadri, ninawahitaji watatu kwa buku za ubatizo. Mama aliye pale karibu na dirisha, uliinua mukono tangu zamani. Karibu, tunakusikiliza.